Utata wa Maneno katika Kanuni za Saa ya Kurusha: Mfano wa Dojiboli

I. Utangulizi

Kila mchezo wa mashindano una sheria zake, na kila sheria imeandikwa kwa maneno. Mwamuzi apulizapo filimbi, hupuliza kwa sababu ya neno fulani lililomo kitabuni. Na mchezaji amwendeapo kwa malalamiko, mara nyingi hasemi kwamba neno hilo halimo, bali husema kwamba maana yake siyo ile aliyoishika mwamuzi. Kwa hiyo ugomvi wa uwanjani aghalabu ni ugomvi wa sarufi, ijapokuwa wenyewe wagombanao hawaujui kwa jina hilo.

Nia ya makala haya ni kuchunguza utata wa namna moja tu, nao ni ule uliomo katika kanuni za saa ya kurusha, yaani ile hesabu ya muda ambao timu yenye mpira hupewa ili iutumie, na ukipita pasipo kuutumia, timu hiyo huadhibiwa. Mchezo tuliouchagua ni dojiboli, yaani mpira wa kukwepa, kama unavyochezwa katika mashindano ya Marekani, Kanada na Uingereza, na katika mashindano ya kimataifa yanayosimamiwa na World Dodgeball Federation na World Dodgeball Association.

Sababu za kuuchagua ni tatu. Kwanza, mchezo wa soka una sheria zilizoandikwa tangu mwaka 1863, na mashaka mengi ya maneno yake yamekwisha kuamuliwa kwa mazoea. Lakini kanuni za dojiboli ya mashindano ni changa, na maneno yake yangali yanapimwa. Pili, katika soka au mpira wa kikapu mpira ni mmoja, bali katika dojiboli mipira ni mingi kwa wakati mmoja, na jambo hilo peke yake huzaa mashaka ambayo michezo mingine haiyajui. Tatu, mchezo wenyewe si mgeni kwetu kwa umbo lake. Mtoto aliyecheza rede Tanzania Bara, au kati nchini Kenya, ajua vema maana ya kurushiwa mpira na kuukwepa. Tofauti ni kwamba rede haina saa: wachezaji wafahamiana, na anayechelewesha mchezo hukemewa na wenzake. Watu wasiofahamiana hawawezi kutegemea makemeo; wahitaji maandishi.

Tena liko jambo kubwa zaidi ya mchezo. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo swali la namna Kiswahili kinavyotaja muda, wajibu na sharti si swali la darasani tu. Mtu aweza kupoteza shamba kwa kuchelewa siku moja, kama timu iwezavyo kupoteza mchezo kwa kuchelewa nukta moja, na maneno yatumikayo ni yale yale: kabla, mpaka, ndani ya, -ki-, -ta-. Uwanja wa mchezo watupa mfano mdogo ulio wazi, ambao twaweza kuugeuza huku na huku bila kumdhuru mtu.

Katika makala haya tutatumia neno nukta kwa maana ya sekunde, kama lilivyo katika kamusi zetu za zamani. Sababu ya kulipendelea itaonekana mbele.

II. Asili na kusudi la saa ya kurusha

Saa hii haikuzaliwa katika dojiboli. Tarehe 22 Novemba 1950, katika ligi ya mpira wa kikapu ya NBA huko Marekani, timu ya Fort Wayne Pistons iliishinda Minneapolis Lakers kwa pointi 19 kwa 18. Lakers walikuwa na George Mikan, mchezaji mrefu asiyezuilika, na Pistons waliona heri kuushika mpira tu kuliko kumpa nafasi. Hawakuvunja kanuni hata moja, maana hapakuwa na kanuni iliyowalazimisha kurusha. Mchezo huo hata leo ndio wenye pointi chache kuliko yote katika historia ya ligi hiyo.

Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse Nationals, alipendekeza dawa. Mchezo una dakika 48, yaani nukta 2,880. Biasone aliona kwamba katika mchezo uliochangamka timu mbili pamoja hurusha mpira kikapuni kiasi cha mara 120. Ukigawa 2,880 kwa 120, wapata 24. Hivyo timu ilipewa nukta 24 za kurusha. Katika msimu wa 1953–54 kila timu ilipata wastani wa pointi 79.5 kwa mchezo. Msimu uliofuata, wa 1954–55, wastani ukapanda hadi 93.1. Shirikisho la kimataifa, FIBA, lilifuata mwaka 1956 kwa nukta 30, kisha mwaka 2000 likashuka hadi 24.

Mchezo wa mpira wa mikono ulishika njia nyingine. Kanuni yake yakataza kuushika mpira pasipo kufanya jitihada inayoonekana ya kushambulia, lakini haitaji nukta. Waamuzi huinua mkono kuonya, na baada ya onyo hilo timu ina idadi ya pasi. Tangu mwaka 2016 idadi hiyo ilikuwa sita, na mwaka 2022 ikapunguzwa kuwa nne. Hapa twaona jambo la kuzingatia: neno lisilopimika, yaani jitihada inayoonekana, limefungwa kwa kitu kinachohesabika.

Katika dojiboli haja ni ile ile. Anayepigwa na mpira hutoka. Na mtupaji ambaye mpira wake umedakwa na mpinzani, yeye ndiye atokaye. Kwa hiyo kutupa kuna hatari, na timu iliyokwisha kutangulia kwa idadi ya wachezaji haina sababu ya kujihatarisha. Ikiachwa huru, itaikumbatia mipira mpaka muda wa mchezo umalizike. Kusudi la saa, basi, ni kumwondolea aliye mbele faida ya kukaa kimya. Na tulishike kusudi hili, kwa kuwa tutalirudia tutakapofika kwa mwamuzi.

III. Kanuni ya mfano

Ili kuufanya uchunguzi uwe na mahali pa kukanyaga, nimeitunga kanuni ifuatayo. Si nakala ya kanuni ya chama chochote; ila mambo yaliyomo ndani yake ndiyo yawezayo kubishaniwa katika mchezo huu.

“Timu iliyo na mipira mingi itatupa mpira mmoja kabla ya nukta kumi kwisha, mpira ukitupwa, hesabu itaanza upya, timu ikishindwa, itampa mpinzani mipira yake.”

Msomaji wa mara ya kwanza ataiona kanuni hii kuwa wazi. Kila neno ni la kawaida, na sarufi yake haina kosa. Walakini, kwa hesabu yangu, ina mahali pasipopungua tisa ambapo watu wawili wenye nia njema waweza kutofautiana. Tuzitazame sehemu zake moja moja.

IV. Timu iliyo na mipira mingi

Neno -ingi halina daraja. Kivumishi cha Kiswahili hakibadiliki umbo ili kuonyesha ulinganisho; kazi hiyo hufanywa na maneno mengine, kama kuliko au zaidi ya. Mipira mingi, basi, yaweza kuwa mipira isiyo michache, au mingi kuliko ya timu ya pili, au zaidi ya nusu ya mipira yote. Maana hizi tatu mara nyingi huangukia timu moja, na ndiyo sababu utata hauonekani. Lakini tuseme mipira ni mitano, timu ya kwanza ina miwili, ya pili ina mmoja, na miwili imeviringika nje ya mistari. Kwa maana ya pili, timu ya kwanza ina wajibu. Kwa maana ya tatu, hakuna timu yenye wajibu. Na mipira ikiwa sita, mitatu kwa mitatu, maana zote zashindwa, na mchezo waweza kusimama kabisa pasipo mtu wa kulaumiwa.

Neno la pili ni iliyo na. Kuwa na kitu ni kukishika, au ni kuwa nacho katika milki? Mwenye ng'ombe kumi hawashiki kwa mkono. Mpira uliolala sakafuni upande wa timu fulani ni wake kwa maana ya milki, si wake kwa maana ya mkono. Timu ijanja itaiacha mipira sakafuni, kisha idai kwamba haina kitu.

Neno la tatu ni lile umbo la rejeshi, iliyo. Wanafunzi wa sarufi wafahamu kwamba rejeshi hili halibebi wakati. Twaweza kusema timu iliyokuwa na mipira, timu itakayokuwa na mipira, na timu iliyo na mipira. Lakini hii ya tatu haisemi ni lini. Tuseme hesabu yaanza timu ya kwanza ikiwa na mipira mitatu na ya pili ikiwa na miwili. Katika nukta ya nne mpira mmoja waponyoka na kuvuka mstari wa kati. Je, wajibu nao umevuka? Anayesoma iliyo kwa wakati ule ule wa kutazama atasema umevuka. Anayesoma kwa wakati hesabu ilipoanza atasema umebaki. Sarufi haimsaidii mwamuzi hapa, kwa maana mwandishi ndiye aliyeuacha wakati nje.

V. Itatupa mpira mmoja

Kiambishi -ta- hutabiri, na pia huamuru. Mzee amwambiapo kijana, “Utakwenda sokoni, utanunua chumvi, utarudi,” hatabiri neno lolote; anaagiza. Lakini agizo hilo latokana na cheo cha msemaji na sauti yake, si na -ta- yenyewe. Katika maandishi hakuna mzee wala sauti. Waandishi wa kanuni za Kiingereza walilikuta tatizo kama hili katika kitenzi chao cha wakati ujao, na wengi wao siku hizi hupendelea neno la lazima lisilo na shaka. Kiswahili kina njia nyepesi: sharti itupe, au lazima itupe. Hapo hapana utabiri.

Kitenzi chenyewe, kutupa, kina maana mbili zilizo mbali sana. Watupa jiwe kumpiga nyoka, na watupa takataka jalalani. Katika maana ya kwanza kuna shabaha. Katika ya pili hakuna, na kitu kilichotupwa hakitakiwi tena. Mchezaji autupaye mpira ukutani, mbali na mpinzani yeyote, amefanya tendo la kutupa kwa maana ya pili bila shaka yoyote, na kanuni yetu ya mfano haina la kumjibu. Mtu aweza kuongeza kauli ya kutendea, akaandika “itamtupia mpinzani mpira.” Kauli hiyo humwingiza mpinzani katika sentensi, na hilo ni jema, lakini haisemi kama anatupiwa ili apigwe au ili apewe. Mama humtupia mtoto embe naye akalidaka kwa furaha. Ndiyo maana yafaa kuongeza kitenzi cha nia: kumrushia mpinzani kwa kumlenga. Nia nayo haionekani kwa macho, lakini uelekeo wa mpira waonekana, na mwamuzi hupima nia kwa uelekeo.

Mpira mmoja ni mmoja tu, au ni usiopungua mmoja? Katika mazungumzo twaelewa kwa mazingira. Mwenye duka akisema, “Leta shilingi mia,” hatakataa noti ya mia tano kwa sababu ya sarufi. Lakini daktari akiandika kidonge kimoja, hakusudii kisichopungua kimoja. Katika dojiboli jambo hili lina uzito, kwa sababu timu ingeweza kutupa mpira mmoja dhaifu katika kila hesabu, na kuendelea kuikumbatia mingine milele. Neno walau, au idadi iliyotajwa wazi, huziba pengo hilo.

VI. Kabla ya nukta kumi kwisha

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa, na hapa neno nukta latufaa. Nukta ni alama isiyo na upana, kama ile iwekwayo mwisho wa sentensi. Na nukta ni muda, sehemu moja katika sitini ya dakika, na muda una upana. Mwamuzi ahesabuye kwa sauti huzitaja nukta kana kwamba ni alama, ilhali kanuni yazitaja kama vipande vya muda. Akianza kwa kutamka moja papo hapo asimamishapo mkono, neno kumi litatoka baada ya nukta tisa tu kupita, kama vile nguzo kumi za ua zilivyo na nafasi tisa katikati yake. Akianza na sifuri, kumi litatoka baada ya nukta kumi kamili. Waamuzi wawili waliofunzwa mahali mbalimbali watatofautiana kwa sehemu moja ya kumi ya muda wote, na kila mmoja atasema kwamba amehesabu mpaka kumi.

Kadhalika nukta kumi si sawa na nukta ya kumi. Kabla ya nukta kumi kwisha yaruhusu muda wote wa ile ya kumi. Kabla ya nukta ya kumi yamaliza muda pale ya tisa imalizikapo. Tofauti ni kiunganishi kidogo, -a, lakini mchezo mzima waweza kulala juu yake.

Na neno mpaka, lipendwalo sana na waandishi wa kanuni, lina mashaka yake. Kama jina, mpaka ni mstari unaotenga shamba na shamba, na wazee wajua vema kwamba kesi nyingi za mashamba huanzia kwenye swali la mpaka wenyewe ni wa nani. Kama kiunganishi, laleta swali lile lile: mwenye ruhusa ya kushika mpira mpaka nukta ya kumi, je, nukta ya kumi imo au haimo?

Lugha yetu ina mazoea ya kuhesabu siku ambayo yaweza kutuongoza. Baada ya leo huja kesho, kisha kesho kutwa, kisha mtondo, kisha mtondogoo. Mtondo ni siku ya tatu kwa asiyeihesabu leo, na ni siku ya nne kwa anayeihesabu. Watunga sheria hawakuliacha jambo kama hili lijiamulie. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 259, yaeleza kwamba muda utajwao kwa siku, siku ya tukio la kwanza haihesabiwi, na siku ya mwisho huhesabiwa. Hakuna hekima ya lugha iliyofanya uchaguzi huo kuwa wa lazima. Ungeweza kuwa kinyume. Lakini uchaguzi ulifanywa, ukaandikwa, na ubishi ukaisha.

Yabaki swali la mwisho katika sehemu hii: tendo la kutupa hukamilika lini? Zeno Vendler, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1957 juu ya vitenzi na nyakati, alitenga matendo yaendeleayo, kama kukimbia, na matendo yatokeayo mara moja, kama kufika. Kutupa kumeunganisha yote mawili. Mkono hurudi nyuma, huja mbele, vidole hufunguka, mpira husafiri, hugonga. Kiswahili chazitenga hatua hizi kwa uzuri: anatupa, ametupa, amekwisha kutupa. Swali la mwamuzi laweza kuulizwa kwa usahihi kabisa katika lugha yetu: saa ilipolia, alikuwa anatupa, au alikuwa ametupa? Sarufi yetu pia yajua kwamba baada ya kabla huja umbo la bado, “kabla hajatupa,” ambalo lathibitisha kwamba tendo halijatimia. Mgeni hulishangaa umbo hili, akiliona kuwa ukanusho usiohitajika. Kwa mwandishi wa kanuni ni hazina.

Lakini lugha yatuambia tu kwamba kuna mpaka baina ya anatupa na ametupa. Haituambii mpaka huo ni kidole au ni mstari wa kati. Hilo lapaswa kuchaguliwa. FIBA ililigawa tendo mara mbili: mpira uwe umetoka mkononi mwa mchezaji kabla ya ishara ya saa kulia, na baadaye uguse pete au uingie kikapuni. Sharti la kwanza ni la wakati, la pili ni la ubora. Ni mgawanyo wa busara, maana mchezaji hawezi kuuharakisha mpira uliokwisha kumtoka, wala hafai kulipwa kwa mpira ambao haukuelekea popote.

Asiwepo mtu wa kusema kwamba haya ni mambo madogo. Katika fainali ya mpira wa kikapu ya Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, nukta tatu za mwisho zilirudiwa, na Umoja wa Kisovyeti ukashinda kwa pointi 51 kwa 50. Rufani ya Marekani ilikataliwa kwa kura tatu kwa mbili, na wachezaji wa Marekani walikataa kuzipokea medali zao za fedha. Ugomvi ule ulihusu saa ya mchezo, si saa ya kurusha. Lakini waonyesha nukta tatu zaweza kubeba uzito gani.

VII. Mpira ukitupwa, na mipira yake

Kiambishi -ki- kina kazi nyingi. “Akija, nitamwambia” yaweza kuwa ni sharti, iwapo atakuja, au ni wakati, pindi atakapokuja. “Nilimwona akija” ni tendo linaloendelea. Katika kanuni yetu, mpira ukitupwa, hesabu itaanza upya: ni mpira wowote, au ule mmoja uliotajwa kwanza? Ni kila mara, au mara moja? Na ni mpira uliotupwa na nani? Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Timu ya pili nayo ikitupa mpira wake, hesabu ya timu ya kwanza yaweza kuanza upya, na mwenye wajibu akapata muda wa bure kutoka kwa adui yake. Kauli ya kutendwa ni nzuri katika masimulizi. Katika kanuni ni pazia.

Tena, kuanza upya si lazima kuwe ni kuanza mwanzo kabisa. Katika mpira wa kikapu, timu ikiudaka tena mpira uliogusa pete ilikuwa ikipewa nukta 24 nzima. FIBA iliibadili kuwa 14 mwaka 2014, na NBA katika msimu wa 2018–19. Neno upya peke yake haliwezi kumwambia mwamuzi kama arudishe 24 au 14.

Sehemu ya mwisho ya kanuni, itampa mpinzani mipira yake, ina utata wa kimuundo ulio wa Kiswahili hasa. Kimilikishi -ake hukubaliana na kitu kinachomilikiwa, hakikubaliani na mmiliki. Yake ni ya mipira. Mmiliki aweza kuwa timu au mpinzani, kwani wote wawili ni umoja. Mtu mwenye hila aweza kudai kwamba timu iliyoshindwa yatakiwa kumrudishia mpinzani mipira iliyokuwa ya mpinzani hapo mwanzo, na mingine ibaki.

Lakini isidhaniwe kwamba lugha yetu ni yenye hasara tu. Upatanisho wa ngeli waweza kuondoa mashaka ambayo lugha nyingine hazina njia ya kuyaondoa, mradi mwandishi achague majina yake kwa uangalifu. Tazama: “mtupo wa mpira uliochelewa.” Kilichochelewa ni mtupo au ni mpira? Haijulikani, kwa kuwa majina yote mawili ni ya ngeli moja. Tukisema “utupaji wa mpira uliochelewa,” ngeli ni mbali, lakini rejeshi ni lile lile, na mashaka yabaki. Sasa tukitumia jina la ngeli ya li-, tuseme rusho, mashaka yatoweka: “rusho la mpira lililochelewa” ni jambo moja, na “rusho la mpira uliochelewa” ni jambo jingine. Funzo hili lastahili kuangaliwa na kamati zetu za istilahi. Tuundapo neno la kazi fulani, twauliza kama lina asili ya Kibantu, kama latamkika, kama ni fupi. Yatupasa pia tuulize: neno hili litakaa jirani na majina gani katika sentensi, na je, ngeli yake itatofautiana nayo?

VIII. Kazi ya mwamuzi

Hata mwandishi hodari hawezi kuyaona mambo yote yatakayotokea. H. L. A. Hart, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya dhana ya sheria, alieleza kwamba kila neno la kanuni lina kiini kilicho wazi, na pembeni mwake lina eneo la utusitusi. Kanuni ikataayo magari bustanini hulikataa lori bila shaka. Bali baiskeli ya mtoto imo katika utusitusi. Mwenzake Lon Fuller alimjibu kwamba hata kiini hakifahamiki pasipo kujua kanuni yakusudia nini.

Kwa maoni yangu mwamuzi wa dojiboli awahitaji wote wawili, ila kwa utaratibu. Kwanza alisome neno kwa maana yake ya kawaida katika mchezo huo. Neno likiwa na maana moja, ailinde maana hiyo hata kama haimpendezi. Likiwa na maana mbili, aiulize kanuni kusudi lake, na achague maana isiyompa aliye mbele faida ya kukaa kimya. Hivyo mpira uliotupwa ukutani hauhesabiki kuwa rusho, na mpira uliolala sakafuni wahesabika kuwa ni wa timu ambayo uko upande wake. Ikiwa hata kusudi haliamui, kama katika swali la kuanza na moja au na sifuri, basi hakuna tafsiri iliyo bora kuliko nyingine. Kilicho muhimu ni kwamba timu zote mbili zijulishwe kabla ya mchezo na zihesabiwe kwa namna moja. Mwamuzi asidai hapo kwamba anatafsiri, kwa sababu anachagua.

Tofauti hii, baina ya kutafsiri na kuchagua, ndiyo inayofichwa na kanuni mbovu. Mchezaji aliyeshindwa kwa tafsiri aweza kuonyeshwa neno. Aliyeshindwa kwa uchaguzi uliofanywa baada ya tendo hana cha kuonyeshwa, na uchungu wake una haki.

IX. Kanuni iliyoandikwa upya

Kutokana na uchunguzi huu napendekeza kanuni ya mfano iandikwe hivi:

(1) Mwamuzi atoapo ishara ya kuanza hesabu, timu yenye zaidi ya nusu ya mipira iliyomo ndani ya mistari ya uwanja, iwe mikononi au sakafuni upande wake, ndiyo yenye wajibu. Na wajibu huo haumtoki mpaka hesabu hiyo imalizike. Mipira ikigawanyika sawa, wajibu ni wa timu yenye wachezaji wengi zaidi uwanjani. Na wachezaji nao wakilingana, ni wa timu ambayo haikuwa na wajibu katika hesabu iliyotangulia.

(2) Timu yenye wajibu sharti irushe walau mpira mmoja kwa kumlenga mpinzani aliyemo mchezoni, na mpira huo uwe umekwisha kutoka mkononi kabla ya saa kulia. Saa hulia nukta kumi kamili zimalizikapo, kuanzia ishara ya mwamuzi.

(3) Timu yenye wajibu itimizapo sharti la (2), hesabu hukoma. Na mwamuzi huanza hesabu mpya ya nukta kumi kwa kufuata (1). Rusho la timu isiyo na wajibu halibadili hesabu.

(4) Timu yenye wajibu isipotimiza sharti la (2), mipira yote iliyo mikononi mwa timu hiyo au upande wake hupewa timu ya pili.

Kanuni hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza mara kadhaa, na haina uzuri wa kusomeka. Hata hivyo kila neno lililoongezwa lajibu swali moja ambalo lingeulizwa uwanjani kwa makelele. Hata sasa sidai kwamba imekamilika. Katika (1) timu yenye mipira zaidi ya mwenzake, lakini isiyofika nusu kwa sababu mingine imetoka nje, yabaki bila wajibu. Nimeliacha hivyo kwa makusudi, nikitumaini kwamba mipira iliyotoka hurudishwa upesi, lakini mwingine aweza kuona vingine. Katika (2) kulenga kwategemea jicho la mwamuzi, na sijaona namna ya kulifungia kwa kipimo kama watu wa mpira wa mikono walivyofanya kwa pasi.

Nawaomba wenzangu, hasa wale waandikao kanuni na sheria ndogo kwa Kiswahili katika vyama, halmashauri na mahakama, waipime kanuni hii kwa mifano yao, na kuyaleta kwetu mashaka watakayoyagundua, ili tuweze kuyakusanya maumbo ya Kiswahili yanayotaja muda na wajibu, na kuyapanga kwa kadiri ya usalama wake.